Mzuzu, kisukari na ndizi bichi: namna ya kuila ndizi kufuata ilivyoiva

Kila Ramadhani ikikaribia hapa Tanga nasikia swali lilelile, eti ndizi ipi ina afya zaidi, mi naona tuanze kuuliza leo imeiva kiasi gani, maana ndizi uliyonunua Mgandini Jumatatu ikiwa kijani ukiila Ijumaa tumboni inaingia kitu kingine kabisa.

Ikiwa bichi ya utomvu, ukiikausha ukaisaga, kama asilimia 70 hadi 80 ya ule unga ni wanga, sukari kidogo sana. Sehemu ya wanga huo utumbo mwembamba hauwezi kuusaga, unapita hadi utumbo mpana unalisha bakteria wazuri, yani unafanya kazi kama nyuzinyuzi. Ila hapo ndo wengi tunakosea, kwasababu ukishachemsha, sehemu kubwa ya wanga ule inalainika na inasagika kama wanga mwingine, zikipoa kiasi kidogo kinarudi kuwa kigumu. Mama yangu ana ugonjwa wa kisukari, alikua anajaza sahani ya ndizi bichi za nazi kwasababu "hazina utamu", kipimo kinapanda na sisi hatuelewi kwanini, roho inatuuma. Siku hizi tunazihesabu kama ugali: vipande vitatu, samaki, mboga za majani nyingi, basi.

Kumenya mzuzu bichi (ile ndizi kubwa ya kupika) paka mafuta mikononi kwanza, utomvu ukishika nguo hautoki. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu kufuata zile kingo zake, kisha ingiza dole gumba kwa chini ulisukume, linabanduka pande pande kama gome. Usiparue na kisu kama unamenya kiazi, unaondoka na nyama. Ukimaliza kipande tupa kwenye bakuli la maji hapohapo, isigeuke nyeusi.

Ikianza njano, vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari na ule ukakasi unapungua. Kwenye kisukari (ile ndizi ndogo tamu, sio ugonjwa!) ikiiva vizuri wanga karibu wote umeshakua sukari, ndo maana mtoto mdogo anaila inayeyuka mdomoni. Mzuzu yenyewe ni ngumu zaidi, ata ganda likiwa jeusi bado ina wanga wa kutosha, kwaiyo inavumilia moto na haisambaratiki kwenye tui. Kwa gramu 100 ndizi za aina ya mzuzu zina kama kalori 122, ndizi za kawaida za kula mbivu kama 89, na vitamini C ni karibu mara mbili, miligramu 18 kwa 9 hivi ikiwa haijapikwa. Alafu angalia ile nyama yake, rangi ya chungwa kabisa, hio ni karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Bibi zetu walioipika kwa tui walitupatia chakula kinachojitosheleza kwenye chungu kimoja, napenda sana hilo.

Potasiamu haiendi popote, bichi au mbivu ni karibu ileile, ndizi moja ya kati kama miligramu 420. Inapotea ukichemsha ukamwaga maji, kwaiyo pika na mchuzi wake. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza kabla ya kuzila kila siku.

Kuvundika ni rahisi, funga chane kwenye gazeti au gunia pamoja na ndizi moja iliyoiva, ile gesi ya ethilini inaziamsha zingine. Zikiwa bichi usiweke kwenye friji, chini ya nyuzi 13 ganda linakua jeusi na ndani zinagoma kuiva. Zikishaiva weka tu, ganda litakua baya lakini nyama nzima kwa siku kadhaa.

Na ile meseji inayozunguka kwamba ndizi yenye madoa meusi inatibu kansa, tafadhali msiisambaze, mgonjwa anaweza kuacha dawa. Madoa yanakwambia sukari imepanda tu. Mzuzu ikifika hapo ichemshe kwa tui la pili, iliki mbili tatu umeziponda, malizia na tui zito, na sukari usiongeze ata kijiko, onja kwanza.