Shosti kaugua kansa na wewe unaogopa kupima? Fanya hivi

Jamani wadada, shosti yangu alipoambiwa ana kansa ya shingo ya kizazi mi usingizi ulikata kabisa, namuonea huruma na huku najiogopea mwenyewe, nikajiona mbaya kweli. Kama na we uko hapo, mwambie. Mi nilimwambia tukiwa tunachambua mchele kwake, akaniangalia akasema, "Sasa mwenzangu, unaenda lini kupima?"

Usiende peke yako. Nendeni wawili watatu, vaa gauni au sketi pana ili usisumbuke, na usiende ukiwa kwenye siku zako. Kipimo cha siki ni dakika chache tu, unalala, nesi anaingiza kifaa, anapaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja hivi aone kama pana sehemu imekuwa nyeupe. Majibu hapohapo. Na hiyo nyeupe sio lazima iwe kansa, inaweza kuwa mabadiliko ya mwanzo tu ambayo yanatibika, ndo maana tunasema wahi. Anza ukifika 30, kama unaishi na VVU anza 25.

Kwa mgonjwa mwenyewe, achana na "ukihitaji kitu niambie", hatasema. Mpelekee uji kwenye chupa, mfulie, siku ya mionzi kaeni wote foleni. Asipotaka kuongea we kaa nae tu.