Kabla Hujaketisha Watu Kuisoma 1984: Mambo ya Kuzingatia

Kwanza, isome mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho. Nawajua waanzisha vikundi vya kusoma, maana mimi ni mmoja wao: tunachagua kitabu kwa sifa zake, tunasoma robo, kisha tunaendesha mjadala kwa ujasiri wa mtu aliyeona jalada. Kwa riwaya nyingi utapona. Kwa hii ya George Orwell hutapona, kwa sababu sehemu mbili za kwanza hazimwandai mtu kwa ya tatu. (Kama hupendi kuambiwa mapema kinachotokea, ishia hapa. Nitayataja yote.)

Pili, ondoa matarajio ya Shamba la Wanyama. Wengi wetu tulimjua Orwell kupitia tafsiri ile ya Fortunatus Kawegere, na mle tuliweza kucheka kidogo kabla ya kununa. Nguruwe akitembea kwa miguu miwili, unatikisa kichwa na kumkumbuka mkubwa fulani. Humu hakuna mnyama wa kujisitiri nyuma yake. Kuna Winston Smith, mwanamume wa miaka 39 mwenye kidonda mguuni, na kila kinachofanyika kinafanyika kwenye mwili wake.

Panga ratiba kwa akili. Sehemu ya kwanza ina sura 8, ya pili 10, ya tatu 6, halafu kuna kiambatisho kuhusu lugha mpya ya Chama, kile kinachotawala nchi ya humu. Sehemu ya tatu msiigawe katika vikao viwili. Sisi tuliigawa, na watu wakakaa wiki nzima Winston akiwa amefungwa kitandani mbele ya O'Brien, ofisa wa Chama anayemtesa. Mmoja wetu alisoma mbele peke yake usiku wa manane kwa sababu hakuweza kumwacha pale, akaja kikaoni macho mekundu.

Msikiruke kile kitabu kilichomo ndani ya kitabu, kinachodaiwa kuwa cha Goldstein, adui mkuu wa Chama. Ni kizito, kinachosha, na Julia, mpenzi wa Winston, mwenyewe anasinzia kikisomwa, kwa hiyo asiwepo wa kumlaumu atakayesinzia. Ila kisomwe. Mwaka 1949 klabu moja kubwa ya vitabu huko Marekani ilitaka sehemu hiyo na kiambatisho viondolewe ndipo iwauzie wanachama wake riwaya hii. Orwell, aliyekuwa kitandani kwa kifua kikuu, akakataa, ingawa fedha zilikuwa nyingi. Kitabu kilitoka tarehe 8 Juni 1949, naye akafariki tarehe 21 Januari 1950 akiwa na miaka 46. Mahututi alikataa kukata. Wewe mzima unakata nini?

Waambie wanakikundi mapema kilichomo, na uwaambie wote kwa pamoja. Usimvute mtu pembeni kwa sababu unadhani yeye ndiye dhaifu. Sema hivi: kuna kupigwa, njaa, mtu kudhalilishwa akiwa uchi mbele ya kioo, mashine ya maumivu yenye kipimo kinachofika 100, na panya. Pia sema kwamba mapema kabisa, kabla hajamfahamu Julia, Winston anawaza kumbaka na kumuua. Hilo wengi hulisahau wanapopendekeza kitabu, mimi nikiwamo, na anayelikuta bila onyo hukutazama kana kwamba umelificha makusudi.

Halafu hakikisha mnaelewana kuhusu maneno, kwa maana mateso ya humu si yale ya filamu za majasusi. Katika kila kikao kuna mtu atauliza: "Sasa wanataka awaambie nini?" Hawataki awaambie chochote. Polisi wa Fikra, wale wa siri wanaowinda mawazo ya watu, wamemfuatilia kwa miaka saba, wana picha na sauti yake. Anakiri makosa aliyotenda na asiyotenda, na maungamo hayo kwao ni karatasi za kujaza tu. O'Brien anainua vidole vinne na kuuliza ni vingapi. Winston akisema vinne, maumivu. Akisema vitano ili maumivu yaishe, maumivu pia, kwa sababu anadanganya, bado anaona vinne. Usomeni ukurasa ule polepole. Kinachotakiwa ni macho yake yenyewe yaone vitano, na O'Brien anaipanga kazi hiyo kwa hatua tatu kama mwalimu: kujifunza, kuelewa, kukubali. Ndiyo, mwalimu. Ana upole, anamwondolea maumivu, anamshika bega, na Winston anafika mahali pa kumpenda. Kama kikundi chako hakikushtuliwa na upendo huo kuliko na mashine, mmesoma haraka mno.

Hapa kidokezo kidogo cha historia kinasaidia, kisizidi dakika tano. Ile hesabu ya mbili na mbili kuwa tano, ambayo Winston analazimishwa kuikubali, ilikuwa kauli mbiu halisi katika Umoja wa Kisovieti, ya kuhimiza Mpango wa Miaka Mitano ukamilishwe kwa minne. Kesi za Moscow za 1936 hadi 1938 ziliwaonyesha walimwengu viongozi wa zamani wa mapinduzi wakisimama mahakamani na kukiri mambo yasiyowezekana. Orwell mwenyewe alikuwa polisi wa wakoloni Burma, 1922 hadi 1927, na mwaka 1937 alitoroka Barcelona, Hispania, wakati wenzake waliopigana pamoja naye katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wakikamatwa na watu waliodai kuwa upande huohuo. Kwa hiyo aliijua rungu kwa pande zote mbili za mpini. Na lile neno la Kiingereza la "kuoshwa ubongo" lilianza kuvuma mwaka 1950, baada ya kitabu kutoka. Anayelitafuta ndani ya riwaya hatalipata.

Usaliti nao una maana yake humu. Kabla hawajakamatwa, Winston na Julia wanakubaliana kwamba kukiri si kusaliti. Watakiri, kila mtu hukiri. Usaliti ni pale watakapomfanya mmoja aache kumpenda mwenzake, na hilo, wanaamini, hakuna awezaye kulifanya, kwa sababu hawawezi kukuingia ndani. Weka alama pale. Bila mazungumzo hayo, Chumba 101, kile cha mateso ya mwisho, kinabaki hadithi ya kutisha ya panya, na watu watabishana kuhusu panya.

Sasa nifike nilikoungulia.

Kuna swali ambalo kila mwendesha mjadala wa kitabu hiki hulifikiria, na akilifikiria hujiona hodari: "Je, Chumba 101 chako kingekuwa na nini?" Chumba hicho, tunaambiwa, kina kitu kibaya kuliko vyote duniani, na kitu hicho hutofautiana kwa kila mtu. Swali linajileta lenyewe. Linachangamsha hata wasiomaliza kusoma. Niliuliza.

Tulikuwa tisa. Wa kwanza akasema nyoka, tukacheka. Wa pili akasema kusimama mahali pa juu. Mwingine akasema simu ya bosi wake, tukacheka zaidi. Zamu ikamfikia dada mmoja ambaye kwa kawaida alisikiliza tu, na akiongea huongea kuhusu kitabu. Akakaa kimya, kisha akasema: mlango kufungwa kwa nje. Alipokuwa mdogo, mtu mmoja wa nyumbani kwao alikuwa akimfungia stoo kwa adhabu, kuanzia asubuhi hadi jioni, na hadi leo haingii kwenye lifti. Alisema kwa sauti ileile ambayo mtu husema ameacha mwavuli nyumbani. Hakuna aliyecheka. Nikamshukuru, tukaendelea. Usiku ule nililala nikijipongeza kwamba kikao kimefana, watu wamefunguka.

Wiki tatu baadaye tulialikwa kwa mwenzetu anayeishi ghorofa ya sita. Sote tukapanda lifti, yeye akapanda ngazi. Tulipofika juu, mgeni mmoja asiye wa kikundi chetu akaanza utani: huyo anapunguza mwili, huyo anaogopa kutubania nafasi. Mimi, kwa nia njema kabisa ya kumtetea, nikasema, "Mwacheni. Alikuwa akifungiwa stoo utotoni." Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama pale, anahema kwa zile ngazi, mkono kwenye fremu.

Aliingia, akasalimia, akakaa, akanywa alichopewa. Aliondoka mapema. Kesho yake nikapokea ujumbe wake wa mistari miwili: "Nililisema kwenye chumba chetu. Sikujua kwamba kuna picha ukutani."

Kama umesoma, unajua picha gani. Katika sehemu ya pili Winston na Julia wamekodi chumba juu ya duka la vitu vya kale la Bwana Charrington. Hakina skrini ya Chama, ile inayowatazama na kuwasikiliza watu, au wanadhani hakina. Siku moja panya anachungulia kwenye tundu la ubao, na Winston anaganda kitandani, uso mweupe, akisema kuwa hakuna kitu kinachomtisha duniani kuliko panya. Ukutani kuna picha ya kanisa la zamani. Nyuma ya picha kuna skrini, na Charrington ni wa Polisi wa Fikra. Wizara ya Upendo, ambayo ndiyo gereza la mateso, haikuhitaji uchawi wala mashine ya kusoma ubongo ili kujua cha kuweka kwenye kile kizimba kinacholetwa usoni mwa Winston katika Chumba 101. Alikitaja mwenyewe, mchana, akiwa amejilaza mahali alipopaamini.

Mimi nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nne. Niliifundisha! Niliomba radhi, akajibu kwa adabu kwamba yamekwisha. Kikundini hakurudi, na nakala yangu aliyoazima aliituma kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo usiulize lile swali. Wakilianzisha wenyewe, lizime. Uliza badala yake: Chama kilijuaje kuhusu panya? Waache warudi nyuma kutafuta ukurasa. Watafika kwenye kile chumba wakiwa salama, na watakuwa wamesoma kitabu badala ya kusomana. Kanuni ya kwamba "yanayosemwa hapa yabaki hapa" sisi tulikuwa nayo, imeandikwa na kubandikwa. Aliyeivunja ndiye aliyeibandika.

Yaliyobaki ni ya haraka.

Huenda kikundini yupo aliyewahi kuwekwa kizuizini au kuteswa kweli. Usimgeuze shahidi. Usimuulize kama Orwell "amepatia". Akitaka kusema atasema, akitaka kutoka nje atoke, na mlango usiwe nyuma ya kiti chako. (Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso ulipitishwa tarehe 10 Desemba 1984. Mwaka huo umetokea tu kugongana na jina la riwaya, lakini mtu fulani atauliza, kwa hiyo ujue.)

Msimfanye Winston mtakatifu. O'Brien anapowapima wakidhani wanajiunga na upinzani, anamuuliza kama yuko tayari kummwagia mtoto tindikali usoni, naye anajibu ndiyo bila kusita. Baadaye, kitandani, anachezewa kinasa sauti cha jibu lake mwenyewe. Kila kikundi nilichokiona kinapita hapo kama gari lisilo na breki. Simamisha gari.

Tenga muda kwa Parsons, jirani mnene anayeshtakiwa na bintiye wa miaka saba kwa maneno aliyoyasema usingizini. Yuko seli, na anajivunia mtoto. Watu watacheka, waache wacheke, kisha waulize wamecheka nini.

Mtu akisema "mimi nisingemtoa Julia", kama Winston anavyomtoa apelekewe panya badala yake, usibishane naye wala usimtulize. Mpe asome kwa sauti ukurasa wa kizimba. Na msigeuze kikao kuwa mashindano ya nani ana roho ngumu.

Kiambatisho kisomwe mwisho, mahali alipokiweka mwandishi. Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba Chama na lugha yake vimekwisha kuwa historia. Wako wanaopata pumzi hapo, wako wanaosema ni kujifariji. Wape nusu saa, wagombane vizuri.

Msiisome karibu na msiba. Msiisome yote usiku. Anayepitia talaka apewe kitabu kingine, atakirudia hiki baadaye. Jina la Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama anayesemwa kumtazama kila mtu, lisitumiwe kwa kila kamera ya getini wala kwa kila mama mkwe, linachuja. Msirekodi vikao. Kundi la simu litumike kupanga saa na mahali, basi. Picha za kurasa sawa, habari za watu hapana. Mgeni anayekuja kwa siku moja tu aje siku ya kiambatisho. Na kama una tabia ya kuandika pembezoni mwa kurasa, andika kwa penseli, na uandike kidogo. Nakala huazimwa, na aliyeazima naye huazimisha.