Kuogelea Ziwa Chambon kwa usalama

Ziwa Chambon liko Auvergne, Ufaransa, karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari. Lilitokea pale volkano ya Tartaret ilipoziba bonde la mto. Uliyejifunzia kuogelea Bahari ya Hindi, jua mapema kwamba maji haya ni ya baridi, na kwa kuwa hayana chumvi hayakubebi juu kama ya bahari.

Hatua ya 1: Soma bango. "Baignade interdite" ni marufuku kuogelea. Ziwa Pavin, jirani tu, lina kina cha mita 92 na linavutia mno, lakini kuogelea humo hairuhusiwi. "Non surveillée" maana yake hakuna mwokoaji. Mara ya kwanza nenda ufukwe wenye waokoaji wakati wa kiangazi. Bendera nyekundu, usiingie. Ya zambarau, maji yamechafuka.

Hatua ya 2: Kagua maji. Ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hiyo huenda ni sainobakteria, yaani bakteria wa majini, na sumu yake huua hata mbwa. Tazama hasa upande upepo unakoelekea, maana ndiko utando unakojikusanya. Ukiuona, ahirisha.

Hatua ya 3: Jiandae. Nenda na mwenzio, funga kiunoni boya la rangi kali, na uchague pa kutokea kabla hujalowa. Mwenye matatizo ya moyo amwone daktari kwanza.

Hatua ya 4: Ingia polepole. Hapa ndipo hata waogeleaji hodari huzama, kwa hiyo usiharakishe. Usijirushe. Tembea mpaka maji yafike kiunoni, jimwagie mikononi, shingoni, kisha usoni. Baridi ikikupiga, pumzi hukatika na utatweta bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, utavuta maji mapafuni. Hali hiyo hutulia baada ya dakika moja au mbili. Baki miguu inapogusa chini, toa pumzi taratibu, na usianze kuogelea mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatizwa. Ukitumbukia penye kina, lala chali, masikio ndani ya maji, uelee tu.

Hatua ya 5: Fuata ukingo. Usikate katikati ya ziwa. Kila baada ya muda jaribu kubana vidole pamoja. Vikikataa kushikana, misuli imeanza kuishiwa, toka papo hapo. Ukisikia radi, toka pia. Milimani huku huja ghafla alasiri. Mwenzio akizama, usimrukie: mtupie boya, piga 112, namba ya dharura, taja ziwa na kijiji, Murol au Chambon-sur-Lac.

Hatua ya 6: Jipashe joto. Mwili huendelea kupoa hata ukishatoka. Vua nguo mbichi, jikaushe, vaa kuanzia juu, na kofia, kisha unywe chai tamu. Usikimbilie bafu la maji ya moto, unaweza kuzirai. Usishike usukani wa gari mpaka kutetemeka kuishe kabisa.