Namna ya kupima filamu iliyotokana na riwaya ya fantasia

Kikundi chenu cha kutazama filamu mjini Moshi kianze na filamu, kitabu baadaye. Nusu ya watazamaji wawe hawajasoma riwaya; hao ndio mizani. Dakika ya 30 simamisheni picha, muwaulize: mhusika mkuu anataka nini, na uchawi una mipaka gani? Wakikwama, filamu inaegemea kitabu.

Msihesabu sura zilizokatwa, maana hapo ndipo mijadala mingi huharibika. Filamu ya The Fellowship of the Ring ya 2001 ilimwacha kabisa Tom Bombadil, mhusika wa riwaya, na safari haikuyumba: hakuna tukio la mbele katika filamu lililomtegemea. Pingamizi halali ni pale mkato unapoacha tendo bila sababu.