SOMO: Kulinganisha kasi ya prosesa kwa vipimo bila kujidanganya

Wadau, swali la "i5 na i7 (prosesa za Intel) ipi kali?" nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa mara moja, na kila atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Jina halikuambii kasi. Core i7-7500U ya 2016 ina viini viwili (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi nne (mifululizo ya kazi inayoshughulikiwa kwa pamoja). Core i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina viini vinne na nyuzi nane. Anayenunua kwa kusoma kibandiko anaondoka na "i7" inayoachwa mbali kwenye kazi za viini vingi. Ndiyo maana tunapima.

Hatua ya 1. Jua kazi yako. Kuandika na kuperuzi hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja. Kubana video na kuchora picha za 3D hutumia viini vyote.

Hatua ya 2. Chagua programu mbili, si moja. Cinebench huchora picha ya 3D kwa kutumia prosesa. 7-Zip ina kipimo chake ndani, ni ya bure, hupima kubana na kufungua mafaili. Geekbench hupita kwenye kazi ndogo ndogo nyingi kwa muda mfupi.

Hatua ya 3. Toleo liwe lile lile pande zote mbili. Mizani ya Geekbench 5 iliwekwa kwa Core i3-8100 kuwa alama 1,000. Ya Geekbench 6 kwa Core i7-12700 kuwa 2,500. Cinebench R23 hutoa maelfu pale ambapo Cinebench 2024 hutoa mamia. Ukichanganya matoleo, hujalinganisha kitu.

Hatua ya 4. Chomeka chaja, weka hali ya umeme kwenye utendaji wa juu, funga programu zote, washa upya, subiri dakika tano masasisho yatulie.

Hatua ya 5. Pima mashine ikiwa imeshapata moto. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Mwenzangu anayehariri video aliniomba nimchagulie kati ya laptopu mbili. Ile nyembamba niliitoa kwenye begi ikiwa baridi, nikapima mara moja, ikaishinda nene. Nikamwambia achukue nyembamba. Wiki haikuisha akanipigia: video ya nusu saa inasuasua, feni inavuma muda wote. Nikarudia kipimo kwa dakika kumi huku HWiNFO, programu inayoonyesha joto na mwendo wa prosesa, iko wazi pembeni. Dakika ya kwanza mwendo ulikuwa juu ya GHz 3. Joto likapanda hadi nyuzi joto 97, mwendo ukaanza kushuka, ukatulia kwenye GHz 2 na kidogo. Kwa mwendo huo, ile nene niliyoikataa ilikuwa inaipita. Pesa ilikuwa yake, kosa langu.

Sababu ni hii: prosesa ya laptopu ina vikomo viwili vya umeme, kikubwa cha muda mfupi na kidogo cha kudumu. Kipimo cha sekunde chache kinaona kile kikubwa tu. Kwa hiyo:
- Cinebench R23 hurudia kipimo kwa dakika 10; usizime muda huo. Umewekwa makusudi.
- Usipime juu ya kitanda wala blanketi.
- Usilinganishe mashine baridi na iliyotoka kazini. Kamwe.

Hatua ya 6. Rudia mara tatu, chukua alama ya katikati. Tofauti ya asilimia 2 au 3 mimi siihesabu. Mashine ile ile hutofautiana hivyo yenyewe kwa yenyewe.

Hatua ya 7. Kwa kila programu, gawanya alama ya mashine moja kwa ya nyingine upate uwiano. Usijumlishe alama za programu tofauti.

MASWALI

chuma_cha_moto: Mkuu nimepitia haraka haraka. Kwa hiyo nichukue i7?
Mtoa somo: Aya ya pili.

mwendo_kasi: Yote haya ya nini? Alama za kila prosesa ziko mtandaoni, unasoma tu.
Mtoa somo: Zile ni za mashine ya mtu mwingine, yenye feni yake na kikomo chake cha umeme. Prosesa ile ile kwenye laptopu mbili inaweza kutoa alama mbili zinazoachana sana. Nimeeleza hatua ya 5 kwa sababu kuna mtu alilipia kosa hilo. Ukitaka kuruka, ruka.

binti_wa_namba: Shukrani kwa somo. Nikiwa na uwiano wa vipimo viwili, napataje namba moja?
Mtoa somo: Swali zuri sana, dada. Usitafute wastani wa kawaida. Zidisha uwiano kwa uwiano, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mfano: kipimo kimoja 1.6, kingine 0.9. Ukizidisha ni 1.44, kipeuo chake 1.2. Vikiwa vitatu, kipeuo cha tatu. SPEC, shirika linalotunga vipimo vya kompyuta, nao hukokotoa hivyo. Faida yake: ukigeuza mashine ipi igawanywe kwa ipi, jibu halijipingi.

binti_wa_namba: Na mbona yangu iko sawa na ya kaka kwenye Cinebench, lakini kwenye 7-Zip naachwa? Prosesa ni moja.
Mtoa somo: Angalia RAM. Kubana kwa 7-Zip hutegemea sana kumbukumbu, Cinebench R23 kidogo tu. Una kijiti kimoja?

binti_wa_namba: Kimoja. Yeye ana viwili.
Mtoa somo: Anzia hapo. Ongeza cha pili kinachofanana, upime tena, ulete majibu.

fundi_waya: Niongeze la feni. Kabla ya kulaumu prosesa, fungua utoe vumbi kwenye mapezi ya shaba. Ila shikilia feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke kwa upepo ikaharibu beringi.
Mtoa somo: Kweli kabisa. Na pima kabla na baada, kwa dakika zile zile kumi.

chuma_cha_moto: Nimerudi kusoma. Kumbe niliyotaka ni 7500U.
Mtoa somo: Vizuri umerudi. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuruhusu uiendeshe dakika kumi ukiwa hapo.