Kabla ya kuipa seli T saitokini, jua unayemfungia mlango

Kila mwanafunzi mpya anayekaa nami kwenye meza ya maabara kujifunza kugeuza seli T, ambazo ni seli za kinga, ziwe aina ya Th1, Th2 au Th17, huuliza: IL-12 niweke kiasi gani? IL-12 na IL-4 ni saitokini, yaani protini ambazo seli hutumiana kama ujumbe. Mimi humtuma kwanza akatafute kichupa cha kingamwili za kuzuia IL-4.

Anza na seli CD4, yaani seli T saidizi, ambazo hazijawahi kukutana na antijeni, kitu kigeni ambacho kinga hukitambua. Ukizitoa kwenye bandama ya panya, chagua zenye CD62L nyingi na CD44 kidogo, ambazo ni alama za juu ya seli. Hapa usilegeze, maana seli chache zenye kumbukumbu zikiponyoka zitamwaga saitokini zao za zamani na kukuamulia matokeo.

Pleti ya vishimo ipake kingamwili zinazoshika CD3 ya seli T jioni, ilale kwenye jokofu. Asubuhi ioshe, weka seli pamoja na kingamwili za CD28. Hizo mbili huiamsha seli tu. Itakuwa nani, hilo ni la saitokini.

Kwa Th1 naweka IL-12, nanogramu 10 kwa mililita, na kizuizi cha IL-4, mikrogramu 10. IL-12 huwasha STAT4, protini inayopeleka ujumbe ndani ya seli, seli ikaanza kutoa saitokini iitwayo intaferoni gama, nayo intaferoni hiyo huirudia seli ileile na jirani zake, ikapandisha T-bet, protini inayoongoza jeni za Th1. T-bet ikishika usukani humbana GATA3, kiongozi wa jeni za Th2. Kwa Th2 geuza: IL-4, nanogramu 20, na vizuizi vya intaferoni gama na IL-12. IL-4 hupitia STAT6, ndugu wa STAT4, hadi kwa GATA3, kisha seli hujitengenezea IL-4 yenyewe.

Yaani kila upande hujichochea moto wake. Cheche ndogo ya upande wa pili ukiiacha, inakua. Mwaka wangu wa kwanza niliona kizuizi cha intaferoni ni ghali, nikakiruka, tena kwa panya wa ukoo wa maabara uitwao C57BL/6, ambao tangu hapo huelemea Th1. Siku ya tano vishimo vyangu vya Th2 vilijaa seli zinazotoa intaferoni. Mwalimu wangu hakugomba. Alikiinua tu kile kichupa, bado kina muhuri.

Th17 ina ukorofi wake. Saitokini TGF-beta pamoja na IL-6 huleta RORγt, kiongozi wa jeni za Th17. Iondoe IL-6, uweke IL-2, saitokini nyingine, na TGF-beta ileile itakupa seli zenye kiongozi Foxp3, zinazotuliza kinga. Kwa hiyo usimwage IL-2 kwenye Th17 kwa mazoea ya Th1. Zuia IL-4, zuia na intaferoni gama, na kwa kimiminika cha kukuzia seli tumia IMDM badala ya RPMI. Seli hizi huipenda zaidi.

Siku ya tano, kwa aina zote, zichokoze kwa PMA na ayonomisini, kemikali za kuamsha seli, kwa muda wa saa nne hivi, pamoja na brefeldini A ili saitokini zibaki ndani, ndipo upake rangi ya kuzionyesha. IL-4 huonekana kwa shida, basi pima GATA3 pia.

Saitokini ikifika tu, igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha. Ukiiyeyusha na kuigandisha kila wiki nguvu zinaisha, nawe utabaki kuwalaumu panya.