Jogoo uliyemlea mwenyewe anakupanda mguuni? Soma hapa

Kifaranga aliyekulia mikononi mwa mtu bila mama wala wenzake anakuona we ndo kuku mwenzie, so akifika kama miezi minne mitano, pora (jogoo mdogo) anaanza kubalehe, usishangae anakuzunguka ubavu ubavu huku kashusha bawa moja linaburuza chini, au anadonoa kitu anakidondosha anaita "ko ko ko" kama anavyomwitia tetea msosi. Huko ni kutongoza. Akishapanda kiatu au mkono wako ndo kamaliza kazi yake.

Sasa usimpige teke, ataona unataka ngumi na ana vipi (ile miiba ya nyuma ya mguu), vinachoma kweli. Mtoe taratibu kila akipanda, mweke chini, usicheke wala kumchezea na mkono (watoto ndo wanamharibu hapa), halafu tulia.

Dawa yenyewe ni kumtafutia matetea, nane hadi kumi kwa jogoo mmoja, akiwa na mmoja tu atamnyonyoa mgongo wote. Tena bora wawe wakubwa, maana tetea mzima akikataa anamdonoa, pora anajifunza adabu fasta kuliko kwako.